Trekta Dogo Lililokwisha Tumika: Lafaa au Halifai Gisenyi?

Wenzangu niliosoma nao, na hata vijana ambao wangali darasani, wameniuliza mara nyingi kama ni busara mtu wa Gisenyi kununua trekta dogo lililokwisha tumika, ili alifanyie kazi za viwanja, bustani na njia za kuingilia majumbani. Wengine huuliza kwa kutaka kujua tu. Wengine wamekwisha weka akiba ya miaka mingi, nao wataka jibu kabla hawajaitoa fedha yao mkononi. Mimi ninalo trekta la namna hiyo, na huu ni mwaka wa sita tangu nilinunue, basi nimeona yafaa nieleze kwa kirefu kidogo. Jibu langu ni kwamba lafaa, lakini usilichague kwa rangi yake wala kwa sifa za muuzaji. Lichague kwa kutazama ardhi litakakofanya kazi. Ardhi ya wilaya yetu ya Rubavu si ya namna moja, na trekta linalotembea kwa raha kando ya ziwa laweza kumwua dereva wake huko Nyamyumba.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Trekta dogo nilisemalo ni lile lenye nguvu za farasi 15 hadi 25 hivi, injini yake ya dizeli ina silinda 2 au 3, na uzito wake, pasipo vyombo vya kufanyia kazi, kwa kawaida haufiki tani moja. Lina magurudumu manne na kiti cha dereva. Wala silo lile la kusukumwa kwa mikono ambalo dereva wake hutembea nyuma. Kiti na usukani viko katikati, jambo ambalo ni faraja kwetu, maana Tanzania, Uganda na Kenya magari hupita kushoto na hapa Rwanda hupita kulia, lakini trekta halijali.

Watu wengi hudhani kazi ya trekta ni kulima tu. Ukitaka kulijua trekta, nenda nyuma yake ukatazame mikono mitatu ya chuma, miwili chini na mmoja juu. Ufundi huo twauona wa kawaida leo, lakini ulikuwa jambo jipya kabisa siku Harry Ferguson, mtu wa Ireland, alipoukamilisha. Zamani plau ilikokotwa kama mkokoteni. Ikikwama kwenye kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kupanda, pua ikainuka, na trekta likampindukia dereva. Ferguson alilishika jembe kwa mikono mitatu, hata likawa kama kiungo cha trekta lenyewe: jembe likivutwa, mikono ya chini huvuta, na mkono wa juu husukuma mbele, hivyo pua hubaki chini na magurudumu ya nyuma hushika ardhi vizuri zaidi. Mwaka 1938 alipatana na Henry Ford wa Marekani kwa kupeana mkono tu, pasipo maandishi (baadaye walipelekana mahakamani, kama iwavyo mara nyingi kwa mapatano ya namna hiyo). Tangu 1946 hadi 1956 trekta lake dogo la kijivu lilitengenezwa Coventry, Uingereza, nayo yalipita 500,000.

Lakini matrekta madogo mengi yanayouzwa yakiwa yamekwisha tumika hutoka Japani. Huko mashamba ya mpunga ni madogo, na mkulima alihitaji chombo kitakachogeuka ndani ya jaruba bila kuharibu kingo zake. Kampuni ya Yanmar ilitengeneza injini yake ndogo ya dizeli mwaka 1933, na jina hilo linatokana na kereng'ende mkubwa, mdudu ambaye kwa Wajapani ni dalili ya mavuno mema. Kubota walitoa trekta lao la kwanza la shamba mwaka 1960. Mkulima mwenye majaruba machache hutumia trekta lake siku chache tu katika mwaka, kwa hiyo laweza kuwa na umri wa miaka 25 na saa za kazi zikawa bado chache. Ndiyo sababu watu wa nchi nyingine huyapenda.

Hata hivyo yatupasa kukumbuka kwamba limeumbwa kwa tope la mpunga. Ni jepesi, ni jembamba, na mara nyingi huja na jembe la kuzunguka lenye visu vilivyopinda. Kwenye udongo laini jembe hilo hufanya kazi nzuri ajabu. Kwetu, ukipanda kwenda Bugeshi, Busasamana au Mudende, ardhi imejaa amakoro, yaani yale mawe meusi yaliyomwagwa na volkano zamani. Kisu kikigonga jiwe la namna hiyo mara mbili tatu, hupinda au hukatika, na kishindo chake huenda moja kwa moja mpaka kwenye giaboksi.

Afrika Mashariki imekwisha lipia somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga Kongwa, katika Tanganyika. Matrekta mapya hayakupatikana upesi baada ya vita, basi yakanunuliwa yaliyokwisha tumika, mengi yakiwa mabaki ya jeshi la Marekani huko Filipino. Hata vifaru vya vita viligeuzwa vikafanywa matrekta. Mengi yaliharibika mapema. Lakini tusiseme kwamba kosa lilikuwa kununua vitu vikuukuu tu, maana hata mashine mpya zilishindwa. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mchanga wake ukazila chuma za majembe, na mizizi ya vichaka ikapinda kila kilichopita. Ardhi ndiyo haikupimwa kwanza. Kazi ikaachwa mwaka 1951, na hasara iliyofutwa ilikuwa kama pauni milioni 36.

Sasa tuipime ya kwetu. Mwanafunzi wa sayansi ataona mara moja jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyembamba kuliko ya pwani, na injini ya dizeli isiyo na turbo hupoteza kama sehemu 3 katika 100 za nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda. Gawanya 1,460 kwa 300, zidisha kwa 3, utapata karibu 15 katika 100. Basi trekta lililoandikwa nguvu za farasi 18 litakupa hapa mjini kama 15 na kitu, na ukipanda Bugeshi hupungua tena. Kwa sababu hiyo, mtu akiniambia kwamba kazi yake yahitaji nguvu 18, mimi humshauri atafute la 22.

Ardhi yenyewe naigawa kwa kazi. Chini, kando ya ziwa, ni tambarare: hoteli, nyumba za mapumziko, bustani zenye majani yaliyokatwa vizuri. Hapo hata trekta jepesi lafaa, na zaidi litakuwa na kazi ya kukata majani na kuvuta tela ya mchanga au samadi. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Desemba, majani hukua upesi mno hata sipati nafasi ya kupumzika, Julai hulala. Kwenye amakoro kazi ni kuinua na kubeba, na hapo koleo kubwa la mbele ndilo lenye thamani kuliko jembe lolote. Mawe yale ni mali: hujengewa kuta, misingi na njia. Trekta likiwa na koleo la mbele hakikisha lina uzito nyuma, ama sivyo magurudumu ya nyuma yataelea. Mimi nimejaza maji katika tairi za nyuma, robo tatu ya nafasi yake. Ulaya huchanganya dawa ili maji yasigande wakati wa baridi, lakini sisi maji matupu yatutosha.

Mashamba ya viazi ni habari nyingine. Jamaa nyingi zina chini ya hekta moja, na hiyo yenyewe imekatwa vipande vipande, huku kimoja na kule kingine, juu ya mtelemko. Trekta likifika humo hutumia muda mwingi kugeuka kuliko kulima. Anayenunua trekta kwa ajili ya kulima viazi vya jirani zake, namwambia waziwazi kwamba jembe la mkono litamshinda kwa bei.

Hapo ndipo tufike kwenye kununua. Nenda asubuhi, na kabla ya salamu hazijaisha weka kiganja chako juu ya injini. Ikiwa ina moto, muuzaji amekwisha iwasha kabla hujafika, naye ana sababu. Injini baridi ndiyo husema kweli. Ikiwaka, tazama moshi: mweupe kwa muda mfupi si neno, lakini ukiendelea hata injini ikipata moto, ama dizeli haiungui sawasawa ama maji yanaingia ndani, wa buluu ni mafuta ya injini yanayoungua, maana yake ringi zimekwisha, mweusi wakati wa kazi nzito huenda ni chujio la hewa lililoziba, jambo dogo. Fungua kifuniko cha mafuta. Ukiona kitu cheupe kama maziwa, funga, shukuru, uende zako.

Kisha funga jiwe zito kwenye mikono ya nyuma, ulinyanyue, uzime injini. Ukae ukizungumza na muuzaji habari za watoto. Mikono ikishuka polepole sana, si kitu. Ikiwa imefika chini kabla hamjamaliza mtoto wa kwanza, sili za ndani zimechakaa. Inua ekseli ya mbele kwa jeki, uyatikise magurudumu. Kama trekta huendesha magurudumu yote manne, angalia tairi za mbele na za nyuma ziwe za vipimo vilivyowekwa kiwandani, kwa kuwa ekseli mbili hizo zinafungamana kwa hesabu. Tairi ya mbele ya kipimo chochote tu iliyopatikana sokoni itazitafuna gia polepole bila wewe kujua.

Ile mita ya saa isikudanganye. Katika matrekta mengi ya zamani mita huzungushwa na injini, na saa moja ya mita ni saa moja ya injini kwenda mbio za kazi. Likiwa linakwenda polepole, saa moja ya ukutani huandikwa pungufu. Tena mita hubadilishwa. Vitu visivyobadilishwa kwa urahisi ndivyo vya kusoma: pedali za klachi na breki zilivyolika, matundu ya mahali pa kufungia tela yalivyopanuka kuwa mayai, na pini za koleo zinavyocheza. Trekta lenye mita ya saa 900 na pedali zinazong'aa kama sahani limefanya kazi nyingi kuliko linavyokiri.

Kuna mambo mawili ambayo ni ya matrekta ya Kijapani hasa. Shafti ya nyuma inayozungusha vyombo ina mwendo zaidi ya mmoja, pengine mitatu au minne. Mashine nyingi za kukata majani hutaka mizunguko 540 kwa dakika. Ukiiweka kwenye gia ya juu, kisu huzunguka kwa kasi ambayo hakikuundiwa, na kipande chake chaweza kuruka kama risasi. Alama zilizo kando ya vipini zimeandikwa Kijapani. Tafuta mtu wa kuzifasiri, kisha andika kwa rangi upya. Jambo la pili ni vipuri. Matrekta yaliyotengenezwa kwa kuuzwa Japani kwenyewe mara nyingi yana namba zake, tofauti na yale ya kupelekwa nje. Kabla ya kulipa, nakili namba za kibao cha trekta na za injini, umwulize mwuza vipuri wa Kigali kama anaweza kukupatia machujio, mkanda wa feni na sahani ya klachi. Asipoweza, bei iliyo rahisi si rahisi tena.

Sasa mlima. Juu ya jambo hili naomba vijana wasome polepole. Trekta likianza kuinuka pua au kulala ubavu, dereva hana hata sekunde mbili, na mtu hawezi kuruka kwa muda huo. Nchi ya Sweden iliamuru mwaka 1959 kwamba kila trekta jipya liwe na fremu ya chuma ya kumkinga dereva, na vifo vya namna hiyo vikapungua sana. Matrekta mengi ya zamani ya Japani hayana fremu hiyo, kwa kuwa jaruba la mpunga ni tambarare. Mimi nisingalinunua lisilo nayo kwa kazi ya hapa. Fremu iliyochomelewa na fundi wa mtaani kwa mabomba ya maji haifai. Itajikunja kama bua la mtama. Na yenye fremu ni lazima mkanda ufungwe, maana fremu bila mkanda humtupa mtu chini halafu humwangukia.

Mtelemko hupimwa kwa urahisi. Chukua ubao wa mita 2 na pima-maji ya mwashi. Weka ncha moja ya ubao juu ya ardhi upande wa juu, ushike ncha nyingine mpaka ubao ulale sawa, kisha pima nafasi iliyo chini yake. Ikiwa ni sentimita 40, mlima unapanda mita 1 kwa kila mita 5. Kanuni yangu mwenyewe ni kwamba hapo na kuzidi sikati kwa ubavu kamwe. Napanda na kushuka moja kwa moja, au nawaachia watu wa mundu. Nikishuka, gia ni ya chini na mguu hauko kwenye klachi. Naliacha trekta likivuta kwa magurudumu manne, maana breki ziko nyuma tu, na kwa njia hiyo ya mbele nayo hushikwa. Koleo huwa chini karibu na ardhi. Kwenye matuta ya ngazi sikaribii ukingo kuliko kimo cha ukingo wenyewe: tuta likiwa na kimo cha mita 1 na nusu, gurudumu langu liko mita 1 na nusu kutoka ukingoni, kwa kuwa udongo ulionyeshewa humeguka kutoka chini, na aliye juu haoni. Pedali za breki ni mbili, kushoto na kulia, nazo zina kipande cha kuziunganisha. Kipande hicho hupotea katika matrekta mengi yaliyotumika. Ukienda barabarani bila hicho, ukakanyaga breki moja, trekta hugeuka ghafula mbele ya lori.

Wengine wameniuliza swali zito kuliko hayo yote: je, trekta halimnyang'anyi mtu wa jembe riziki yake? Sitalikwepa. Kiwanja ambacho watu watatu wangekifyeka kwa siku nzima, mimi nakimaliza kabla ya saa sita mchana, na ujira ule hauwafikii wao. Katika kubeba mawe mambo ni mengine: nikileta tela tano za amakoro kwa siku moja, waashi na wasaidizi wao hupata kazi ya wiki, ambapo zamani ukuta ule usingejengwa kabisa. Kwa hiyo nimejiwekea desturi kwamba kila kiwanja ninachokata, kando za ua, chini ya miti na miteremko yote mikali ni kazi ya watu, nayo huandikwa katika bei tangu mwanzo. Wenye nyumba wengine hunung'unika. Najua kwamba desturi yangu haijibu swali lote.

Kuna siku ambazo swali hilo halikuulizwa. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yalipasua nyumba na barabara zetu kwa siku nyingi, na mabomoko yalihitaji kuondolewa. Tena usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilimwaga milima, mto Sebeya ukafurika, na watu zaidi ya 130 wakafa katika Mkoa wa Magharibi na wa Kaskazini. Tope liliingia katika nyumba hata madirishani. Mashine kubwa zilifungua barabara, lakini haziwezi kuingia katika ua wa nyumba. Trekta lenye upana wa mita 1 na kidogo huingia. Lakini tope la namna hiyo huficha mabati, misumari na nyaya, basi mtu mmoja sharti atangulie kwa miguu mwenye fimbo.

Kuhusu fedha nitasema machache. Trekta la ukubwa huu hunywa lita 2 hadi 3 za dizeli kwa saa ya kazi ya kawaida. Kila saa mita inapoongezeka, mimi naweka kando bei ya lita nyingine 2, na fedha hiyo haiguswi ila kwa vipuri, tairi na mafuta ya injini. Saa za kwenda na kurudi nazihesabu pia, maana kutoka mjini hadi Mudende trekta hutambaa, na mteja asiyetaka kulipia njia atamfilisi mwenye trekta. Kila kitu kimo katika daftari moja: tarehe, saa za mita, kazi, dizeli, girisi, chujio lililobadilishwa.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huwa nalipeleka katika umuganda wa mtaa wetu, kuvuta tela ya changarawe au kusafisha mitaro. Mwanafunzi apendaye kuona mikono mitatu ikifanya kazi, au kujaribu ule ubao wa mita 2 kwenye mtelemko halisi, anakaribishwa. Aje na viatu, si ndara, na asiniombe kupanda kando ya kiti, maana kiti ni kimoja.